Anza na Fungu la Dagaa: Mwongozo wa Kufundishia Mada Tano za Jiografia

Ukiwa na kipindi kimoja tu cha kumtambulishia mwanafunzi jiografia, usianze na ramani ya dunia, wala usianze na maana ya neno "jiografia". Nunua fungu la dagaa wakavu gengeni, limwage juu ya karatasi mbele ya darasa, kisha uliza maswali mawili: hawa kwao ni wapi, na wamefikaje hapa? Nyamaza, waache wabishane. Ndani ya fungu hilo zimo mada zote tano za msingi za somo hili, na mwongozo huu unakusudia kukuonyesha namna ya kuzitoa moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao vitabu vingi havikuufuata.

Mada zenyewe zina historia fupi. Mwaka 1984 mashirika mawili ya Marekani, Baraza la Taifa la Elimu ya Jiografia na Chama cha Wanajiografia wa Marekani, yalitoa mwongozo kwa walimu uliolipanga somo katika mafungu matano: mahali jambo lilipo, sifa za mahali penyewe, uhusiano wa binadamu na mazingira, mwendo wa watu na vitu na mawazo, na kanda. Tangu hapo mada hizo zimesambaa katika vitabu vya kufundishia, na mara nyingi zinafundishwa kwa mfuatano huohuo. Hoja yangu ni kwamba mfuatano huo unamfaa mwandishi wa kitabu, ila haumfai mtu anayelikuta somo kwa mara ya kwanza. Anza na ya nne, yaani mwendo. Nyingine zitaitwa na maswali yatakayobaki ubaoni.

Sababu ya kwanza ni kwamba mada ya mahali jambo lilipo, ikifundishwa kabla ya zote, huwa jibu lisilo na swali. Mwanafunzi anaambiwa kwamba Mwanza ipo karibu na nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta na karibu nyuzi 33 mashariki. Anaandika, anakariri, anasahau. Hakuwa akiitafuta Mwanza. Dagaa walio mezani ni habari nyingine. Wamebeba ushahidi ambao mtoto wa miaka 11 anaweza kuushika: punje za mchanga zilizonasa kati yao, ukavu unaoonyesha kwamba walikaa juani, gunia ambalo jina lililochapishwa juu yake halihusiani na samaki. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mwendo ndiyo mada ambayo huwezi kuieleza bila kuzigusa zote nne zilizobaki. Kitu hakisafiri ila kwa sababu mahali kilipotoka hapafanani na mahali kinapokwenda. Huku kipo kingi, kule kinatafutwa. Ukishauliza kwa nini kimeondoka umeuliza juu ya sifa za mahali, na ukiuliza kimepitia wapi umeshahitaji ramani.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza kiwe cha upelelezi. Chora mduara upande wa kulia wa ubao, andika ndani yake jina la soko lenu, na upande wa kushoto uache wazi. Waulize wanafunzi nani huwauzia dagaa nyumbani, naye huyo mwenye genge hununua wapi, na kwa kipimo gani: kopo, sado au gunia. Kila jibu likipatikana, ongeza mduara mmoja kuelekea kushoto. Darasa la Dodoma au Morogoro huenda likafika kwenye lori lililotoka Mwanza na kukwama hapo. Kukwama huko ndiko unakokutaka, maana sasa unaweza kutoa maarifa yako kidogo kidogo, kila moja kama hatua ya kurudi nyuma. Nyuma ya lori kuna soko la samaki la Kirumba Mwaloni, ambako magunia hushushwa kutoka kwenye vyombo vya visiwani. Nyuma ya soko kuna mwalo, ufuko ambako dagaa huanikwa juu ya mchanga, juu ya miamba au juu ya vichanja, kazi inayofanywa kwa wingi na wanawake. Nyuma ya mwalo kuna usiku: mtumbwi uliowasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi mara nyingi taa za umeme wa jua, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, maana ziwa zima likiangazwa taa haina tena nguvu ya kuwakusanya samaki. Mpe mwanafunzi muda alitafakari hilo. Bei ya fungu gengeni kwao inaweza kuguswa na mbalamwezi juu ya maji ambayo hajawahi kuyaona.

Usiache mishale iende upande mmoja tu. Darasa likiishia na mstari kutoka ziwani hadi mezani, limejifunza usafirishaji, na mwendo ni mpana kuliko hapo. Kwenda ziwani husafiri nyavu, mafuta ya injini, unga wa kulisha kambi za wavuvi, fedha zinazotumwa kwa simu, na watu wenyewe, ambao wengi si wazaliwa wa mwalo wanaoufanyia kazi. Husafiri pia visivyoalikwa. Magugu maji, mmea ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, yalionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa yakiwa yamesombwa na mto Kagera, na katika muongo uliofuata yalifunga ghuba na bandari kiasi cha kuzuia mitumbwi kutoka. Waliosaidia kuyapunguza ni fukusi wadogo, nao pia asili yao Amerika ya Kusini, walioletwa kwa makusudi wayale. Hapo mwanafunzi anaona mwendo wa aina mbili, wa bahati mbaya na wa kupangwa, na wa pili umefanywa ili kuurekebisha wa kwanza.

Sasa ndipo ramani ifunguliwe. Darasa limeshataka kujua ziwa liko wapi, na jibu lina sura mbili ambazo wanafunzi huzichanganya sana: mahali kwa kipimo na mahali kwa uhusiano. Kwa kipimo, usichukue mji, chukua mstari. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta uwe mpaka wa himaya zao kukatiza ziwa. Mstari huohuo ndio leo unaotenganisha maji ya Tanzania na ya Uganda, nao unaendelea nchi kavu upande wa magharibi hadi mto Kagera. Waambie wanafunzi wautafute katika atlasi, kisha uliza: mvuvi aliye mtumbwini usiku ataujuaje? Samaki hawaujui, askari wa doria wanaujua, na mtu anaweza kukamatwa kwa kuuvuka. Ukitaka mfano mkali zaidi, upo Migingo, kisiwa cha mwamba kisichofikia hata nusu ya uwanja wa mpira, ambacho Kenya na Uganda zimevutana juu yake, na mvutano ukapamba moto mwaka 2009. Kisingevutaniwa kama kando yake kusingekuwa na samaki aitwaye sangara. Baada ya mifano hiyo, nyuzi za latitudo haziwi tena tarakimu za kukariri, kwa kuwa mwanafunzi ameona kinachotendeka mstari unapochorwa.

Mahali kwa uhusiano ni upande unaosahaulika, nao ndio unaobadilika. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kwa zaidi ya robo karne, basi, mzigo wa Mwanza ulikuwa na njia nyepesi ya kufikia bahari kwa kupanda meli hadi Kisumu na kuingia reli ya nchi nyingine. Mji haukusogea, jirani zake ndio waliobadilika. Mfano wa karibuni ni rahisi zaidi kwa watoto. Kati ya Kigongo na Busisi magari yalikuwa yakivuka ghuba kwa kivuko, pamoja na foleni yake, mpaka Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la urefu wa kama kilomita 3. Waache wanafunzi wapime kwa rula umbali wa Sengerema na Mwanza katika ramani ya zamani na ya sasa. Hawatapata tofauti. Kisha waulize kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali naye hatapata tofauti.

Hapa Kiswahili kina msaada ambao walimu wengi wanaupita bila kuutumia. Lugha hii ina ngeli nzima ya mahali, yenye viambishi vitatu, na kila kimoja kinatazama mahali kwa jicho lake. Pa- ni mahali panapojulikana na kuonyeshwa kwa kidole: mwaloni pamejaa watu. Ku- ni eneo lisilo na mipaka dhahiri, na tena ni upande wa kuelekea au kutokea: Ukerewe kuna dagaa, wametoka kule. Mu- ni ndani, mahali penye mpaka unaokuweka ndani au nje: ziwani mna sangara. Mtoto aliyekulia katika Kiswahili anazitofautisha hizi bila kufundishwa. Mwonyeshe kwamba anapochagua kati ya pale, kule na mle, ameshagusa mambo matatu ambayo somo linayatenganisha: pa- inamsogeza kwenye mahali jambo lilipo, ku- kwenye mwendo, mu- kwenye kanda. Sidai kwamba sarufi na jiografia zinalingana kila kona. Nadai kwamba mwanafunzi haji darasani akiwa mtupu, na ni kosa kumfundisha kana kwamba fikra ya mahali ameletewa na kitabu.

Sifa za mahali zinaeleweka upesi zaidi kwa kulinganisha, na ulinganisho mzuri kabisa ni wa maziwa mawili yanayotoa samaki wa jina moja. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa ni kama meta 80 tu. Limekaa juu ya uwanda, yapata meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya mkono wa magharibi wa bonde lenyewe, jembamba na refu, na kina chake kinafikia karibu meta 1,470. Moja ni sinia, jingine ni handaki. Waambie wanafunzi wachore umbo la kila moja likikatwa kwa ubavu, halafu waseme ni ziwa gani uchafu wa mashambani na mijini utalibadilisha mapema, na kwa nini. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma si samaki wa aina moja, wala hawafanani na dagaa wa maji chumvi wanaoanikwa Unguja. Jina la jikoni limewaunganisha viumbe wa mbali. Ukiweza kupata mafungu mawili tofauti, yaweke mezani pamoja, nao watayatofautisha kwa macho na kwa pua.

Sifa za mahali zinajumuisha pia hewa iliyo juu yake, na hapa dagaa wanarudi. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria, kama nne kwa tano, huingia kwa mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na sehemu kubwa hutoka kwa mvuke. Kinachobaki ndicho kinachopita Jinja kwenda mto Nile. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, pepo kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya maji na kupaa, na radi na mvua hufuata. Dhoruba hizo huja saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Mada ya upepo wa nchi kavu na upepo wa majini, ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa mchoro wa mishale miwili, imepata uzito wa maisha ya watu, na mwanafunzi hataisahau upesi. Majina nayo ni sifa ya mahali. John Hanning Speke alilifikia ziwa upande wa kusini mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wake, huku Waganda wakiliita Nalubaale na Wajaluo Nam Lolwe. Waulize wanafunzi kila jina limetolewa na nani, akiwa amesimama wapi.

Nakuomba utumie muda mrefu zaidi katika uhusiano wa binadamu na mazingira, hata kwa gharama ya mada nyingine, kwa kuwa hapo ndipo ufundishaji wetu huharibika na kuwa mahubiri. Mwanafunzi huambiwa binadamu anaharibu mazingira, apande miti, asichafue maji. Maneno hayo ni kweli lakini hayamfundishi kufikiri. Mfundishe sangara. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa kutoka maziwa mengine katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa nia ya kuongeza mavuno, na kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na athari kubwa. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla. Furu, samaki wadogo ambao ziwa lilikuwa na mamia ya aina zao ambazo hazipatikani kwingine duniani, walipungua vibaya, na aina nyingi zinahesabiwa kuwa zimetoweka. Simulizi likiishia hapo, darasa litasema sangara ni mbaya na waliomleta walikosea. Usiliruhusu liishie hapo.

Kwanza, sangara hakufanya kazi peke yake. Rutuba kutoka mashambani na maji machafu ya mijini ilikuza mwani, maji yakawa na ukungu, na watafiti wa furu walionyesha kwamba katika maji ya namna hiyo majike hushindwa kutambua rangi za madume ya aina yao, aina zikachanganyika. Pili, sangara huyohuyo alileta viwanda vya minofu, ajira, barabara na fedha za kigeni, huku minofu ikienda Ulaya na mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, yakienda Asia ya Mashariki. Waliobaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, walikuwa mara nyingi wenyeji waliokuwa wakila samaki mzima. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hofu ya kipindupindu na sumu, kambi za wavuvi ziliumia. Tatu, kuna jambo dogo linaloeleza mengi. Furu aliweza kuanikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, hakaushiki hivyo. Hubanikwa kwa moshi, na moshi unataka kuni. Kwa hiyo samaki aliyewekwa majini alifika mpaka kwenye miti ya nchi kavu. Nne, dagaa alisalimika katikati ya msukosuko huo, na leo kwa uzito ndiye anayeongoza katika mavuno ya ziwa. Wagawe wanafunzi katika makundi, kila moja lichukue nafasi ya mtu mmoja: mwanamke anayeanika dagaa, mwenye kiwanda cha minofu, mkulima wa kando ya Kagera, mtafiti wa furu, mama wa mjini anayenunua mapanki. Kila kundi lieleze sangara alimletea nini na alimwondolea nini. Hutapata jibu moja, na usilazimishe lipatikane.

Kanda iwe ya mwisho, kwa kuwa ni hitimisho la akili; haipo ardhini mpaka mtu aulize swali. Toa maswali matatu juu ya ziwa lilelile na uone darasa likichora mipaka mitatu. Nchi zipi zina maji ya ziwa? Tatu: Tanzania yenye karibu nusu, Uganda, na Kenya yenye kama asilimia 6. Nchi zipi zinamwaga maji ziwani? Tano, kwa sababu Kagera inakusanya maji ya Rwanda na Burundi. Rwanda haimo ziwani, lakini imo katika bonde lake, na hapo mu- ya Kiswahili inafanya kazi yake vizuri. Na "Kanda ya Ziwa" ya redio na ya mazungumzo ya Watanzania ni ipi? Mwanza, Mara, Kagera, Geita, na wengi wataongeza Simiyu na Shinyanga, ambayo haina ufuko. Acha wabishane kuhusu Shinyanga. Bishano hilo litawafundisha zaidi kuliko fasili yoyote kwamba kanda hutegemea kigezo, na kwamba mwenye kuchagua kigezo ndiye anayeamua nani awe ndani. Mwaka 2020 kimo cha ziwa kilipopanda hadi kufikia kile cha mwaka 1964, waliohamishwa na maji ufukoni walikuwa Kenya, Uganda na Tanzania, wakati sehemu ya mvua iliyolijaza ilinyesha juu ya vilima vya nchi nyingine. Kwa swali la mafuriko, kanda ya kufaa ni bonde zima.

Utasikia mapingamizi, na baadhi yana haki. La kwanza ni la mtihani: mtihani unauliza fasili, na mwanafunzi aliyejifunza kwa dagaa atakosa alama. Lingekuwa la kweli kama fasili zingeachwa. Mimi nasema zije mwishoni mwa kila kipindi, zikitungwa na darasa kwa maneno yake na kusahihishwa na kitabu. Aliyeona daraja la Kigongo–Busisi likibadilisha ujirani bila kubadilisha latitudo ana kitu cha kuegemeza ile fasili. Aliyeikariri tupu hana. Linalohusiana nalo ni la lugha. Katika sekondari nyingi za Tanzania somo hufundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu anaweza kuona ni kupoteza muda kulijenga kwa Kiswahili. Kinyume chake, anayejifunza fikra mpya na lugha ngeni kwa pigo moja mara nyingi hubaki na maneno peke yake. Ijenge fikra kwanza kwa lugha anayoota nayo, kisha mpe istilahi ya mtihani kama jina la kitu anachokifahamu.

La pili ni kwamba mada hizi ni za Marekani, na Wamarekani wenyewe walizipita, kwani mwaka 1994 walitoa viwango vipya 18 vya somo. Ni kweli, na ndiyo sababu sikushauri uzitendee kama amri. Zilitungwa zimsaidie mwalimu kuuliza, na kwa kazi hiyo tano hushikika kichwani kuliko 18. Hakuna swali kati ya hayo ambalo mchuuzi wa samaki wa Mwanza halijui: wako wapi, kukoje huko, wamevuliwaje, watafikaje, soko langu linaishia wapi.

La tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: je, anayefundisha mbali na ziwa? Usimbebe mwanafunzi hadi Mwanza kama kwao kuna kitu kilichosafiri vizuri zaidi. Kenya fungu hilohilo huitwa omena na Uganda mukene, kwa hiyo mfano unabaki. Goma na Bukavu kuna sambaza wa Ziwa Kivu, na hapo mwendo ni wa ajabu zaidi, maana samaki mwenyewe alihamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtwara geuza mishale: anza na korosho inayoondoka, sehemu kubwa ikiwa haijabanguliwa, kwenda India na Vietnam, na swali la kwanza liwe kwa nini haibanguliwi hapahapa. Ninachosisitiza ni kitu kimoja kinachoshikika, ambacho safari yake inaweza kufuatiliwa, na ambacho wewe mwalimu umekisoma kwa kina kabla ya kuingia darasani. Mwalimu mwenye mifano 20 aliyoigusa juu juu atakwama kwenye swali la pili la mwanafunzi mdadisi.

Kuhusu muda, hesabu vipindi saba: kimoja cha upelelezi, viwili vya ramani, kimoja cha kulinganisha maziwa, viwili vya sangara, kimoja cha kanda. Vifaa ni dagaa, atlasi moja hata kama imechakaa, rula, na karatasi kubwa. Mchoro wa kipindi cha kwanza uhamishie kwenye karatasi hiyo na uubandike ukutani, ukiwa na nafasi za wazi na maswali yasiyojibiwa yameandikwa kwa rangi nyingine. Kila mada inapoongezwa, wanafunzi warudi pale waongeze mshale, mpaka, jina. Kwa tathmini, mpe kila mmoja kitu chake cha kufuatilia kutoka jikoni kwao kwa wiki mbili, iwe kitunguu, chumvi, mkaa au sufuria, na aanze kama darasa lilivyoanza, kwa kumuuliza aliyeuza alinunua wapi. Sahihisha kwanza mishale ya kurudi. Iliyo mingi haitakuwepo, na hapo ndipo pa kuanzia kipindi kinachofuata.